Phonie Iliyotutangulia hadi Sandoa

Nilikubali kutuma phonie. Nataka kulisema hilo kwanza, kabla ya barabara na mito na watu waliotupokea, maana nisipolisema msomaji ataifurahia safari kama nilivyoifurahia mimi, na baadaye atanilaumu kwamba nilimficha.

Phonie kwetu ni ile redio ya kuzungumzia. Simu zilikuwa zimekufa zamani, na vituo vya afya vya ndani viliongea na Kolwezi kwa phonie kila asubuhi, mmoja akipaza sauti na wengine wakingoja zamu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, nchi bado inaitwa Zaire. Mgodi ulikuwa umeanguka, mishahara haifiki. Na kama vile njaa haikutosha, watu wa asili ya Kasai waliambiwa warudi kwao, hata wale ambao hawakuwa na kwao kwingine, waliozaliwa Dilala na kubatizwa Manika, mitaa ya Kolwezi hapahapa. Walitolewa kazini na majumbani, wakajazana kwenye gare, yaani stesheni ya treni, wakingoja mabehewa ambayo hayakuja.

Mke wangu, Mbuyi, alikuwa wa asili hiyo. Mimi ni Mlunda wa Sandoa, upande wa magharibi. Watu walituambia kwamba mke wa Mlunda hataguswa, lakini watoto wetu tuliwapeleka kwa mama yangu Sandoa hata hivyo. Kaka yake Mbuyi, Kabeya, alikuwa tayari gare na familia yake, chini ya turubai. Kila siku Mbuyi alitoka nyumbani kwetu Dilala na sufuria ya bukari, ndio ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo kichwani, akawapelekea.

Huko gare watu walikuwa wanaharisha damu. Walipewa vidonge vyeupe, vilevile tulivyovijua miaka yote, na wengi walivimeza na kuendelea kuharisha.

Mimi nilikuwa mkaguzi wa vyakula. Nilikuwa nimemaliza sekondari, nikafundishwa kazi kwa miezi michache, na kazi yangu ilikuwa kutembea sokoni Manika nikitazama nyama, samaki wa thomson waliogandishwa, na maziwa. Ofisi niliyofanyia kazi siitaji jina. Siku moja alifika humo mgeni kutoka Kinshasa, Docteur Bolumbu, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alitumwa kutathmini jinsi nchi inavyofuatilia vijidudu vinavyokuja na chakula, na kama vijidudu hivyo vimezoea dawa. Kiswahili alikuwa amejifunza Bukavu alikosomea, na alikizungumza taratibu, kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

Alituambia jambo lililokuwa wazi. Katika depo ya Manika kulikuwa na katoni za dawa mpya ya kuharisha damu, zilizoletwa na watu wa misaada. Neno la kuzifungua lilikuwa lake.

"Dawa mpya ukiimwaga ovyo, vijidudu vitaizoea nayo, na baada ya hapo hatuna kitu," alisema. "Lakini nikiona kwamba ya zamani imeshindwa, nitazifungua kwa ajili ya gare siku hiyohiyo."

"Si upime palepale gare?" nilimwuliza.

Alinitazama. "Maabara yenu imefungwa, Tata Nawej. Waliokuwa wanaijua kazi wako wenyewe kule gare. Nimeomba waruhusiwe kuingia kwa siku chache tu. Nimekataliwa."

Ndiyo sababu ya safari. Ugonjwa ule ulikuwa umekuja kwa njia ya reli kutoka magharibi, na huko ndani kulikuwa bado na vituo vinavyopima. Alitaka avifikie bila kutangaza. Nami niliteuliwa kuongoza njia, kwa kuwa ni kwetu.

Chef wetu, yaani mkuu wa ofisi, aliniita peke yangu, akafunga mlango.

"Tata Nawej, huyu mama anataka kufika mu bantu sawa mwizi, bila kubisha. Ile ni adabu?"

"Haiko adabu, Chef."

"Njo vile. Tuma phonie. Uwaambie atatazama nini, wasipate haya. Kisha utaona na batoto yako." Akashusha sauti. "Bibi yako, mi nitamuchungia nyumba. Hakuna muntu atamugusa."

Nilijua neno hilo la mwisho lilikuwa bei. Lakini nisiseme uongo: hata bila bei ningeweza kukubali. Kwetu mgeni hafiki kimya. Ukimleta mtu mkubwa kijijini bila kupeleka habari, umewavua wenyeji nguo. Nilikaa mbele ya phonie na kuwaeleza wote, kituo kwa kituo: atatazama nyama, atatazama samaki, atatazama sahani za maabara.

Asubuhi ya kuondoka Mbuyi alinifungia muhogo wa kuchemsha katika jani. Nilimweleza kuhusu phonie, na ahadi ya Chef.

"Unaenda kutangaza bageni," alisema, akikaza fundo. "Na shiye ba ku gare, nani atatutangaza?"

"Wewe hauko wa gare. Uko wa hapa."

"Kabeya pia alikuwa wa hapa."

Nilicheka, nikamwambia nitarudi na uyoga wa kwa mama. Alipenda uyoga wetu mkavu kuliko nyama.

Barabara ya Mutshatsha ilianza vizuri, ikaharibika kabla hatujasahau moshi wa Kolwezi. Dereva wetu alikuwa Ramazani, Mwislamu mwenye asili ya Maniema, ambaye familia yake yote ilikuwa ya uchukuzi. Alilifahamu kila shimo, na mengine aliyapa majina ya wakweze.

"Hili ni shemeji," alisema gari lilipozama. "Linakupokea vizuri, lakini halikuachii."

Docteur alicheka mpaka akashika miwani. Njiani alinieleza kazi ya maabara, na nilimwelewa vizuri. Unachukua kinyesi cha mgonjwa, au kipande cha chakula, unaotesha kijidudu kwenye sahani. Juu yake unaweka vikaratasi vidogo vya duara vyenye dawa. Dawa ikiwa na nguvu, kijidudu kinakufa kuizunguka, na unaona duara safi kama lile linalouzunguka mwezi wenye ukungu. Kijidudu kikiwa kimeizoea, kinaota mpaka kwenye karatasi yenyewe.

"Kwa hiyo sahani mbaya," nilisema, "ndiyo habari nzuri."

"Ndiyo habari ya kweli. Uzuri wake unategemea kama kuna anayesikia."

Mutshatsha tulipokewa kwa nyimbo. Uwanja wa kituo ulikuwa umefagiwa, mistari ya ufagio bado inaonekana. Mbuzi alikuwa tayari sufuriani. Ramazani alisimama mlangoni mwa jiko, akanusa, akamwita mpishi.

"Mama, huyu mbuzi amechinjwa na nani?"

"Na bwana yangu, tata. Toka asubuhi. Kula, nyama iko mingi."

"Mimi ni Mwislamu, mama. Sina budi nimchinje mwenyewe, au nione."

"Yo, tata! Hatukujua kama muko na Mwislamu. Batakuletea mayai."

Alikula mayai. Mimi nilishiba mbuzi. Docteur alichukua sampuli sokoni: nyama mbichi inang'aa, samaki bila nzi. Aliziweka kwenye sanduku la barafu.

Kasaji tulifika siku ya soko. Soko lilikuwa na mihogo, karanga, mafuta ya mawese, na vitambaa vya mitumba, lakini meza za samaki zilikuwa tupu, zimeoshwa. Nilimwona mama mmoja ameketi kando na kapu lililofunikwa. Harufu ilinifikia kabla sijafika.

"Mama, leo hauuzi?"

"Batu ba hospitali banatukataza. Banasema leo samaki ya muzuri tu njo itaonekana." Alinyanyua kitambaa kidogo, akanionyesha samaki waliolegea. "Hii itauzwa kesho. Bageni hawatakuwa tena."

"Na watu watakula?"

"Tata, kwani njaa itaenda na bageni?"

Sikumwambia Docteur. Nilijiambia kwamba kapu moja si nchi. Mbuzi wa Kasaji pia alikuwa ameshachinjwa. Ramazani alikula mayai tena, akanitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Sandoa nilikutana na mama yangu na watoto. Sitaandika mengi hapo. Watoto walinirukia, mama alipiga makofi ya heshima kama tunavyofanya, akauliza habari za mkwe wake kabla ya habari zangu.

"Mbuyi eko muzima?"

"Eko muzima, mama. Chef wangu anamuchunga."

"Chef ni ndugu yetu?"

"Hapana."

"Basi anamuchunga kwa nini?"

Alinipa mfuko wa uyoga mkavu, ameufunga kwa kamba ya gome. "Umuambie akipika aweke karanga. Anasahaukaga karanga."

Ng'ambo ya mto Lulua kuna kituo ambacho jina lake nitaliacha. Hicho ndicho Docteur alichokitegemea kuliko vyote, kwa sababu wagonjwa wa kuhara damu wa upande ule walikuwa wanapelekwa pale, na palikuwa na maabara ndogo iliyoanzishwa na masista waliokwishaondoka. Muuguzi wake, Kayombo, alikuwa mtu wa rika langu, mnene, mchangamfu. Jenereta ilikuwa inanguruma. Friji ilikuwa baridi. Wodini kulikuwa na wagonjwa wanne tu, wote wameketi, wamevaa mashati safi.

Sahani zilikuwa mezani zimepangwa. Docteur aliziinua moja moja kwenye mwanga wa dirisha. Duara safi, pana, katika kila sahani. Hata kuzunguka karatasi ya vidonge vyeupe.

"Hawa ni wagonjwa wa hapa?" aliuliza.

"Ni ya hapa, Docteur," Kayombo alijibu.

Alizitazama tena zote, polepole. Nilidhani angefurahi. Alikaa kwenye kiti kama mtu aliyepoteza hoja. "Basi dawa ya zamani bado inafanya kazi," alisema. "Gare wanakufa kwa jambo jingine. Maji, njaa, uchafu. Siyo usugu."

Mchana, alipokuwa anapumzika, mimi na Kayombo tulikaa nyuma ya jiko na kikombe cha munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Alikuwa na furaha ya mtu aliyefaulu mtihani, na aliniita yaya, yaani kaka.

"Sahani uliziona, yaya?"

"Niliona. Duara kubwa."

Alicheka mpaka munkoyo ikamwagika. "Kile kijidudu ni muzee! Tunakichunga toka wakati ya masista, cha kujaribia dawa. Kile kinakufa hata ukikitazama mubaya."

Niliweka kikombe chini. "Na vya wagonjwa wa sasa?"

"Bya sasa? Unaweka karatasi, kesho bimeota juu yake. Hakuna duara, hakuna kintu. Nimuonyeshe mugeni sahani ya vile? Ataandika Kayombo hajui kazi, karatasi yake imeoza." Akanigonga goti. "Aksanti ya ile phonie, yaya. Bila wewe tungepata haya kubwa. Bale bagonjwa babaya tulibarudisha ku bijiji yao mpaka muende."

Hakuwa mtu mbaya. Hilo nimelifikiria miaka mingi. Hakuficha ugonjwa ili mtu afe. Alidhani sahani isiyo na duara ni aibu yake, kama bukari iliyoungua, na hakuna mwenyeji anayempa mgeni bukari iliyoungua. Mimi ndiye niliyejua tofauti. Docteur alikuwa amenieleza njiani, nami nilikuwa nimeelewa.

Kulikuwa na hatua chache tu kati ya jiko lile na chumba alichopumzika Docteur. Sikwenda. Nilihesabu hivi: nikisema, Kayombo ataaibika, na Chef atajulikana kuwa ndiye aliyeagiza phonie. Nikimfichua Chef, nani atalinda mlango wangu Dilala? Wa gare niliwaonea huruma, lakini Mbuyi hakuwa wa gare. Mbuyi alikuwa wa hapa. Ndivyo nilivyomwambia, na ndivyo nilivyoamini.

Kwenye kivuko cha Lulua, wakati wa kurudi, tulingoja pantoni ya kuvusha gari. Ramazani alikuwa anamenya yai.

"Docteur," alisema, "nimeendesha wakubwa toka ujana wangu. Mbuzi wa mgeni huonyeshwa mgeni akiwa hai. Wenyeji wanamvuta kwa kamba, wanasema, huyu ni wako. Hapo mimi naomba kisu. Safari hii sijaona kamba hata mara moja. Mbuzi wote wametutangulia kufa."

Aliyasema kama mzaha, lakini macho yake yalikuwa kwangu.

Docteur hakucheka. Aliinua uso, maji yakimulika miwani yake. "Tata Nawej. Walijua tunakuja?"

Pantoni ilikuwa katikati ya mto, bado inakuja kwetu. Ningeweza kusema, na tungegeuza gari, na Kayombo angeleta sahani mbaya. Alikuwa amezificha tu, hakuwa amezitupa.

"Hapana, Docteur," nilisema. "Barabara ya huku ina masikio. Lori likipita mbele linapeleka habari."

Aliitikia kwa kichwa. Alikuwa mgeni, na mgeni humwamini mwenyeji wake katika mambo ya mwenyeji. Ramazani alitupa maganda ya yai mtoni, na kutoka pale mpaka Kolwezi hakutoa tena jina la shimo hata moja.

Kolwezi tuliingia saa za mchana. Docteur aliandika uamuzi wake siku ileile: gare waendelee na vidonge vyeupe, waongezewe maji safi, katoni zihifadhiwe. Aliniaga kwa mkono, akanishukuru, akapanda ndege.

Dilala nilikuta mlango wangu umevunjwa komeo. Sufuria hazikuwepo. Jirani yangu, Mama Kalenga, alitoka akiwa amejifunga kitenge kifuani, akasimama mbali kidogo nami.

"Tata, usiingie kumutafuta. Eko ku gare."

"Nani alimpeleka?"

"Bavijana balikuya. Banamuuliza, wewe ni wa wapi? Anabaambia, wa hapa. Banacheka. Njo alifunga bintu, akaenda kwa Kabeya."

"Na Chef? Hakutuma mtu?"

"Chef gani, tata?"

Gare niliitafuta turubai ya Kabeya katikati ya moshi wa makala na vilio vya watoto. Mbuyi alikuwa amelala ubavu juu ya kitambaa, amekonda kama mtu aliyeugua mwezi mzima. Pembeni ya kichwa chake kulikuwa na karatasi ya vidonge vyeupe, nusu imekwisha. Kabeya alinisogezea kigoda, bila salamu.

"Anavimeza byote," alisema. "Havina kazi. Ni sawa anakula chaki, shemeji."

Mbuyi alifungua macho. "Ulileta bowa?"

Nilimwonyesha mfuko wa uyoga. "Mama anasema usisahau karanga."

"Yeye njo anasahaukaga," alisema, akatabasamu kidogo, akafumba macho.

Nilikimbia ofisini. Nilimweleza Chef kila kitu: kijidudu cha zamani, sahani zilizofichwa, samaki kapuni. Nilimwomba katoni moja, au nusu yake.

Alinisikiliza akichezea kalamu. "Docteur alikwisha kuandika. Mi nitavunja neno ya docteur?"

"Docteur alidanganywa, Chef."

"Na nani alituma phonie?"

Niliomba nizungumze na Kinshasa. Phonie ya Kinshasa haikujibu siku ile, wala iliyofuata. Nilikwenda depo nikasimama mbele ya mlinzi, kijana niliyemjua, nikamwonyesha kitambulisho changu cha ukaguzi. Alinihurumia, lakini hakuwa na ufunguo.

Mbuyi alikufa kabla treni haijafika. Tulimzika mimi na Kabeya, Ramazani akisaidia kuchimba. Treni ilipokuja, Kabeya alipanda na watoto wake. Dirishani alinipa mkono, na nilijua kwamba hajui habari ya phonie, kwa sababu angejua asingenipa.

Nimekuwa mzee sasa, na nimesoma kwamba nchi bado hutuma watu kutathmini vituo vyake, na vijidudu bado vinazoea dawa. Nilichojifunza nakiacha hapa kwa yeyote atakayeongoza wageni wa namna ile. Heshima ya mwenyeji ni kitu kizuri, lakini haina kazi mahali pa kutafuta ugonjwa. Aliyekuja kutazama sahani mbaya, umheshimu kwa kumpa sahani mbaya.

Watoto wangu walikulia kwa mama yangu. Walipokua niliwaambia yote, na wawili kati yao hawaji kwangu tena. Sikuwaomba waje.

Mbuyi alikufa kwenye gare ya Kolwezi, kwa ugonjwa ambao dawa yake ilikuwa Manika, ndani ya katoni zilizofungwa, na mimi mumewe ndiye niliyezifanya zibaki zimefungwa.